Nani Kamnyoa Mke wa Kinyozi?

Asubuhi ya sikukuu kinyozi alirudi kutoka kwenye sala akiwa amemsamehe kila mtu. Alimsamehe jirani anayemwaga maji ya sabuni mlangoni kwake. Alimsamehe mteja aliyesema amenyolewa kama kondoo mgonjwa. Alipofika kwenye jina la Mashoto, yule kinyozi wa mkono wa kushoto aliyewahi kutaka kumwoa mke wake, alisita, akakohoa, kisha akamsamehe naye, kwa masharti.

Msamaha huo uliishi hadi sebuleni.

"Shikamoo mama. Heri ya sikukuu."

"Marahaba, baba. Nawe pia." Mama mkwe alikuwa amejaa kwenye kochi, mguu wenye goti bovu umelazwa juu ya stuli. Alikuwa amekuja kutibiwa goti hilo, na goti lilikuwa halina haraka. "Umechelewa kidogo tu. Yule kijana amepiga simu sasa hivi."

"Kijana gani, mama?"

"Si Mashoto! Kanitakia sikukuu njema. Kaniuliza goti. Kaniuliza na dawa, nazimeza kabla ya kula au baada. Ana adabu yule, usiseme."

Kinyozi hakusema. Mama mkwe hatukanwi, hakatizwi maneno, wala haombwi simu yake ili namba fulani ifutwe. Kinyozi alijua hayo yote, na aliyafuata kama askari anavyofuata amri asizozipenda.

"Anaendeleaje na kazi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua.

"Vizuri mno! Kafungua duka jipya. Na unajua wapi? Kule kule alikohamishiwa binti yangu. Anasema ukitoka tu geti la hospitali, macho yako yanaangukia kwenye kiti chake."

"Ahaa," alisema kinyozi.

Alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria ya kuku, akaitazama kwa muda mrefu kama vile ndiyo iliyofungua duka.

Hapa ni lazima tuseme habari za kichwa cha mke huyo. Zamani kinyozi na Mashoto walijifunza kazi kwenye duka moja, viti viwili vikitazama kioo kimoja. Siku moja akaingia mwanafunzi wa ukunga, msichana mwenye shingo ndefu na haraka nyingi, akataka nywele zake zipunguzwe ziwe fupi kabisa. Viti vyote viwili vilikuwa wazi. Vinyozi wote wawili walipangusa viti vyao kwa wakati mmoja. Msichana akatazama huku, akatazama huku, akakaa kulia. Mashoto hakuwahi kuelewa kwa nini. Hata kinyozi mwenyewe hakuelewa, ila alishukuru, akanyoa, akaoa.

Usiku wa harusi alimwambia bibi harusi, kwa mzaha, "Kichwa hiki kisiguswe na mkono mwingine." Naye bibi harusi akajibu, kwa mzaha vilevile, "Naapa." Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka. Kila sikukuu, kabla ya sala, alimkalisha mkewe kwenye kigoda uani, akamfunika shuka jeupe mabegani, akamnyoa taratibu kuliko alivyomnyoa mteja yeyote duniani. Wengine husherehekea kwa nguo mpya. Wao walikuwa na kigoda.

Mwaka huu kigoda kilikuwa kimewekewa ndoo. Mkunga alihamishiwa mji wa mbali, akaomba ruhusa ya sikukuu, akanyimwa. Mkuu wa zamu alimwambia kwamba watoto wakitaka kuzaliwa hawaangalii kalenda.

Ikapangwa basi wale chakula pamoja kwa simu. Kinyozi aliweka sahani tatu. Sahani ya mkewe akaiweka mahali pake, mbele ya kiti chake, na simu akaiegemeza kwenye jagi la maji, ili uso wake ukitokea utokee pale pale ambapo hukaa siku zote. Mama mkwe alisogezwa na goti lake hadi mezani. Simu ikaita.

Naye akatokea.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chumba chake cha watumishi, sahani mapajani, kitambaa cha kijani kimefungwa kichwani. Macho yalikuwa na usingizi wa zamu. Kinyozi alisahau kuku, akasahau goti.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Umependeza. Hilo shati umelipiga pasi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ndiyo maana kola moja imelala na nyingine imeamka."

"Njoo uilaze."

"Aa, jamani, mbele ya mama?"

"Mimi naangalia kuku," alisema mama mkwe. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kwani huko hamli? Ungekuwa umeolewa na mtu mwenye gari, sasa hivi ungekuwa umeshaletwa hapa."

"Mama."

"Nimesema gari tu. Sikutaja mtu."

Kinyozi alicheka kicheko cha heshima, ambacho hutoka puani. Wakaomba baraka ya chakula, mmoja mji huu na mmoja mji ule, wakaanza kula. Kwa kitambo kifupi ilikuwa sikukuu kweli. Mkunga alisimulia juu ya mapacha waliozaliwa alfajiri wakilia kwa zamu kama wamepangiana. Kinyozi alimsimulia juu ya mteja aliyelala kwenye kiti akaota anazama, akamng'ang'ania yeye kiunoni. Mkunga alicheka hadi kijiko kikamponyoka. Akainama kukiokota.

Kitambaa kikateleza.

Ilikuwa ni kwa muda wa kupepesa jicho. Lakini mshonaji huona mshono, na kinyozi huona kisogo. Chini ya kitambaa cha kijani, pale nywele zinapoishia na shingo inapoanza, palikuwa na mstari. Mstari mpya. Umechongwa juzi au jana. Na mstari huo haukulala sawa. Uliinama, ukashuka upande wa kulia.

Mkono wa kulia hauchongi hivyo. Mkono wa kulia ukiteleza, huteleza kwenda kushoto. Ni mkono wa kushoto pekee unaoshusha mstari kulia, na kinyozi alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na mkono huo miaka mingi. Angeweza kuutambua hata gizani.

Kipande cha kuku kilimkwama kooni.

"Kunywa maji, baba," alisema mama mkwe.

Hakuweza. Jagi lilikuwa limemshikilia mke wake.

"Kitambaa kizuri hicho," alisema kinyozi alipopata pumzi.

"Asante." Mkunga alikuwa ameshakivuta na kukikaza kwa mikono miwili.

"Hebu kivue kidogo."

"Kwa nini?"

"Nikione kichwa."

"Si unakijua?"

"Nimekisahau. Mbali na macho muda wote huu, mtu husahau."

"Basi utakiona nikija likizo. Kula, kuku anapoa."

"Mke wangu."

"Abee."

"Nani kakunyoa?"

Mama mkwe aliacha kutafuna, jambo ambalo halikuwa dogo.

"Unaniuliza nini?" alisema mkunga polepole.

"Nimeuliza kwa Kiswahili. Nani kakunyoa?"

"Mbele ya mama yangu? Leo? Sikukuu?"

"Mama ndiye aliyenipa habari kwamba Mashoto kafungua duka getini kwako."

"Mimi?" Mama mkwe alijishika kifua. "Mimi nilikuwa naongea habari za goti!"

"Ulijua kwamba yuko hapo?" Kinyozi alikuwa ameegemea meza, uso karibu na simu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungelala?"

"Nisingelala!"

"Ndiyo sababu."

"Kwa hiyo unanilaza mimi kama mtoto, halafu wewe unakwenda kukaa kwenye kiti chake!" Sauti ilimpanda, akaikumbuka heshima, akaishusha, ikapanda tena yenyewe. "Mstari nimeuona. Unashuka kulia. Usiniambie ni upepo. Mkono ule naujua kama ninavyojua jina langu. Kakushika kichwa! Kakuinamisha shingo! Wakati mimi hapa nimekiwekea kigoda chako ndoo ili nisikione!"

Hakuwa amekusudia kuisema ile ya ndoo. Ilitoka na mengine.

Mkunga aliweka sahani pembeni, taratibu, kama anavyoweka vitu vyake kazini anapotaka kunawa mikono. Akafungua kitambaa. Akageuka, akaisogezea simu kisogo.

Mama mkwe ndiye aliyepata maneno kwanza.

"Mungu wangu! Mwanangu, umeliwa na panya?"

Mstari ulikuwa umeinama, ndiyo. Lakini juu ya mstari palikuwa na kiraka cheupe cha mviringo, nyuma kabisa, kama sahani ya chai. Kando yake palikuwa na ngazi, na juu ya ngazi kishungi kimoja kilichosalimika kwa bahati. Hakuna kinyozi aliyewahi kufanya jambo kama hilo, si wa kulia wala wa kushoto. Hata mlevi angesimama katikati akaomba msamaha.

"Nimejinyoa mwenyewe," alisema mkunga, bado amegeuka. "Bafuni. Kwa wembe na kitana, kioo kimoja mbele na kingine nimekining'iniza kwenye bomba nyuma. Ukijinyoa kisogo, mkono unakwenda kinyume. Wewe ni fundi, ulipaswa kulijua hilo."

Kinyozi alilijua. Alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza ya kujifunza kazi. Ila wivu ulikuwa umemshika macho.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkunga akageuka. Alikuwa analia, lakini kwa hasira, na machozi ya namna hiyo huwa hayaombi kufutwa.

"Kwa sababu nilitaka niwe nimenyolewa siku ya sikukuu, kama kila mwaka. Nikatoka hadi getini. Duka la Mashoto liko wazi, kiti kitupu, nikamwona kasimama mlangoni. Nikakuwaza wewe. Nikarudi mbio kama mwizi. Mimi! Mtu mzima, mkunga, madaktari wananisikiliza, najifungia bafuni nimeshika wembe kwa sababu namwogopa mume wangu aliyeko mji mwingine!"

"Usinio... Hupaswi kuniogopa."

"Umesikia ulivyoniuliza hivi sasa?"

Alikuwa amesikia. Kuta zote zilikuwa zimesikia.

"Likizo yangu bado," alisema mkunga. "Siwezi kufunga kitambaa zamu nzima, joto la wodi litaniua. Nikikivua, wanaojifungua wanasahau uchungu wanacheka. Mji huu una kinyozi mmoja tu anayejua kichwa cha mwanamke, na unamjua. Kwa hiyo leo nitakaa kwenye kile kiti. Lakini siendi kwa kujificha, na siendi kwa kukuomba. Nataka unitume wewe. Kwa mdomo wako. Kama huwezi, sawa, nitakwenda vilevile, ila nikija likizo sitafikia kwako. Nitafikia kwa mama."

"Mama yako si ndiye mimi, niko hapa kwake?" alisema mama mkwe.

"Basi utarudi kwako, mama. Na goti lako."

Mama mkwe alimtazama mkwe wake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile hakuwa na la kusema juu ya gari la mtu yeyote. "Baba," alisema kwa upole, "mimi nilimpenda Mashoto kwa sababu hakuwahi kumliza binti yangu. Lakini ni kweli pia kwamba hakupata nafasi."

Kinyozi alisimama. Akaenda dirishani, akarudi. Nje, watu waliovaa vizuri walikuwa wanatembeleana, wamebeba watoto na sahani zilizofunikwa. Aliona vidole vile vya kushoto vikifika pale ambapo hakuna mwanamume mwingine aliyefika, akahisi kama mtu anayemwagiwa maji ya moto ndani ya shati lililopigwa pasi vibaya. Kisha akautazama uso kwenye jagi. Alikuwa amejua kila unywele wa kichwa kile, na hakuwa amejua kwamba ndani yake kuna hofu, tena hofu ya kumwogopa yeye.

"Nenda," alisema.

"Niende wapi?"

"Kwa yule."

"Yule nani?"

"Nenda kwa Mashoto!" Ilitoka kama jino. "Nenda kwa Mashoto, mke wangu, akunyoe. Mimi ndiye niliyekutuma. Mwambie hivyo. Na nisamehe."

Mkunga alijifuta macho kwa kitambaa cha kijani.

"Lakini simu usikate," aliongeza kinyozi.

"Wewe mwanamume!"

"Nimesema nenda. Sikusema mimi nitabaki."

Mkunga akacheka. Kicheko kilikuwa kimelowa, lakini kilikuwa kicheko.

Hivyo ndivyo simu ilivyobebwa hadi nje ya geti, ikapita mbele ya wauza matunda, ikaingia kwenye duka lenye harufu ya spiriti na poda. Mkunga akaiegemeza kwenye kioo, katikati ya chupa za mafuta. Kinyozi aliona kiti. Kilikuwa kizuri, cha kupanda na kushuka. Hilo nalo lilimuuma.

"Kaka!" Uso wa Mashoto uliinama mbele ya simu. Ulikuwa umenenepa, na ulikuwa na haya kuliko alivyoukumbuka. "Heri ya sikukuu!"

"Nawe pia. Umefungua na leo?"

"Nikae nyumbani na nani? Ndugu wote wako huko kwenu." Aliwatazama wale wawili kwenye simu, sahani na kuku, kisha akaangalia pembeni. "Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema mama mkwe, kwa ukavu uliomshangaza hata yeye.

Mashoto alimfunika mkunga shuka mabegani. Akakitazama kisogo. Hakucheka, na kwa hilo tu kinyozi alimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumchukia kwa kucheka.

"Unaonaje, fundi? Namba moja kote?"

"Namba moja itakiacha kiraka kinaonekana. Shusha kabisa, halafu pembeni chonga kwa wembe. Taratibu kwenye sikio."

"Nilifikiri hivyo hivyo."

Mashine ikaanza kulia. Mkono wa kushoto ukaipeleka kisogoni, vidole viwili vya mkono wa kulia vikaisukuma shingo mbele. Kinyozi alishika ukingo wa meza. Mama mkwe, bila kumtazama, alimsogezea glasi ya maji.

"Ana kidoa hapa nyuma ya sikio," alisema Mashoto akinyoa. "Ulikuwa unakijua?"

"Nakijua!" alisema kinyozi, na glasi ikamwagika. Kilikuwa kidoa kidogo kama mbegu ya ufuta, na hadi mchana ule dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyekijua.

"Mume wangu," aliita mkunga. Kichwa kilikuwa kimeinamishwa, lakini macho alikuwa ameyanyanyua, na hayakuwa yanatazama kioo wala mtu aliyesimama nyuma yake. "Unaumia?"

"Naumia."

"Sana?"

"Sana."

"Na bado upo?"

"Nipo."

Mkunga hakuyaondoa macho. Nywele za mwisho zilianguka, na kichwa kikatoka chote, laini, kizuri, kimesimama juu ya ile shingo ndefu. Kinyozi alilazimika kukiri moyoni kwamba kazi ilikuwa safi. Mstari pekee ndio ulioinama kidogo kulia.

Mashoto alizima mashine. Kuna jambo ambalo kila kinyozi hulifanya akimaliza, bila kufikiri, kwa mteja yeyote: huinama karibu na shingo na kupuliza vile vinywele vidogo vilivyobaki. Mashoto aliinama. Akavuta pumzi, mashavu yakajaa.

Kinyozi alifungua mdomo, lakini kuna mtu alimtangulia.

"Wewe!" Mama mkwe alikuwa amesimama wima, goti na yote, kidole kimeelekezwa kwenye jagi. "Tumia brashi! Huyo ni mke wa mtu!"